Nilisomea siasa, naandika programu

Wale mnaopita hapa mara kwa mara mmenizoea nikieleza jinsi ya kuokoa faili zilizofutika, au nikilalamika juu ya hifadhidata iliyoninyima usingizi. Leo mniwie radhi. Nataka kuzungumzia shahada yangu.

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia barua pepe. Alitaka sana kusomea sayansi ya kompyuta, lakini nafasi aliyopata chuo kikuu ni ya sayansi ya siasa. Anauliza kama hiyo ni miaka minne ya kutupa. Nilimjibu kwa mistari mitatu, nikamwambia kwamba kila elimu ina faida yake. Nilipobonyeza kitufe cha kutuma nikajiona muongo. Nilichomwambia si uongo, ila si jibu. Jibu lenyewe ni refu, na ndani yake kuna jambo ambalo kwa miaka mingi sikupenda kulisema. Basi vuta kiti.

Kwanza niungame. Mimi sina shahada ya kompyuta. Karatasi iliyo kabatini mwangu imeandikwa sayansi ya siasa. Miaka yangu ya kwanza kazini niliificha kabisa. Nikiomba kazi naandika tu "shahada ya kwanza" kisha naishia hapo, huku nikiomba Mungu asitokee wa kuuliza ni ya nini.

Nilifanya mtihani wa KCSE mwaka 2002. Matokeo yalikuwa mazuri, lakini pointi zangu za hisabati na fizikia hazikufika pale palipohitajika kwa masomo ya kompyuta. Nikapata nafasi ya kusomea shahada ya sanaa katika chuo kikuu kimoja cha umma jijini Nairobi.

Baba yangu alikuwa fundi wa redio mjini Voi. Tangu utotoni nilimshikia tochi akichomelea waya, na mtaa mzima ulijua kwamba mtoto wa fundi ataendelea na mambo ya mashine. Barua ilipofika, Baba aliisoma mara mbili, akaikunja, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo siasa inafunguliwa na bisibisi gani?" Wala hakuwa anatania. Mjomba peke yake ndiye aliyefurahi. Alidhani nakwenda kusomea ubunge, na akaanza kunisalimia kwa heshima ambayo sikuwahi kuiona kwake.

Wakati huo, ukimaliza kidato cha nne, ulikaa nyumbani karibu miaka miwili kabla ya kuingia chuo kikuu cha umma. Muda huo niliumalizia katika saiba moja pale mjini. Nilifagia, nikauza dakika za intaneti, na usiku nikajifunza PHP kutoka kwenye kurasa nilizozihifadhi katika disketi. Kwa hiyo nilipopanda basi kwenda Nairobi mwaka 2004 nilikuwa na mpango wangu: mchana nitasoma siasa nipate karatasi, usiku nitasoma kompyuta nipate kazi. Sikutarajia kwamba hayo mawili yatakutana.

Mwaka wa kwanza tulichukua masomo matatu: siasa, sosholojia na uchumi. Ukumbi ulikuwa na viti vichache kuliko wanafunzi, na aliyechelewa alisikiliza mhadhara akiwa dirishani. Nilidhani tutapiga soga kuhusu vyama na wabunge kama watu wanavyofanya kwenye matatu. Badala yake wiki ya kwanza tuliletewa Aristotle, aliyezipanga serikali kwa maswali mawili: wanaotawala ni wangapi, na wanatawala kwa faida ya nani. Wakafuata Machiavelli na Hobbes. Mwaka wa pili tukaingia katika utawala wa umma na Max Weber, Mjerumani aliyeeleza kwa nini ofisi za serikali zinapenda mafaili, vyeo na kanuni zilizoandikwa. Ukiwahi kutunga programu ya kuendesha ofisi yoyote, utamwelewa Weber haraka sana.

Nilisoma hayo yote kwa kusukumwa. Nilianza kusoma kwa hiari mwaka wa pili, tulipofika kwenye mifumo ya uchaguzi. Mhadhiri wetu alikuwa mama mwembamba asiyetumia kipaza sauti, na ukumbi ulinyamaza wenyewe ili umsikie. Kila mwanafunzi alipoanza kubishana juu ya matokeo ya uchaguzi fulani, alimkatiza kwa swali moja tu: "Nani aliamua kitakachohesabiwa?"

Siku moja alitupa fumbo alilolieleza mwanahisabati Mfaransa, Condorcet, mwaka 1785. Mimi nitalieleza kwa chakula cha hosteli. Chukua wakazi watatu wa chumba kimoja. Wa kwanza anapenda ugali, kisha githeri, kisha wali. Wa pili anapenda githeri, kisha wali, kisha ugali. Wa tatu anapenda wali, kisha ugali, kisha githeri. Sasa piga kura viwili viwili. Ugali unaishinda githeri kwa kura 2 dhidi ya 1. Githeri inaushinda wali kwa 2 dhidi ya 1. Basi ugali utaushinda wali, siyo? Hesabu tena. Wali ndio unaoushinda ugali, kwa 2 dhidi ya 1. Wote watatu wana akili timamu, kila mmoja anajua anachotaka, lakini chumba kizima kinazunguka kama mbwa anayekimbiza mkia wake.

Nilirudi hosteli nikaandika programu ndogo ya kupanga vitu kwa kuvilinganisha viwili viwili, nikaipa vyakula hivyo. Nikabadilisha mpangilio wa kuviingiza, na jibu likabadilika! Wenzangu wa kompyuta mnajua sababu: kulinganisha kukiwa na mzunguko, mpangilio wa mwisho hauna maana. Ila katika siasa jambo hilo lina uzito wa pekee. Maana yake ni kwamba anayepanga kitakachopigiwa kura kwanza anaweza kuchagua mshindi bila kuiba hata kura moja. Mwaka 1951 Kenneth Arrow, mwanauchumi wa Marekani, alilithibitisha jambo pana zaidi: yakiwapo machaguo matatu au zaidi, hakuna njia ya kujumlisha mapendeleo ya watu inayoweza kutimiza masharti machache ya haki yote kwa pamoja bila kumwachia mtu mmoja aamue kila kitu. Mwaka 1972 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Kisha mhadhiri akatuleta nyumbani. Mwaka 1992, katika uchaguzi wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi Kenya, Daniel arap Moi alishinda kwa asilimia 36 hivi ya kura. Kenneth Matiba alipata karibu 26, Mwai Kibaki karibu 19, Jaramogi Oginga Odinga karibu 17. Sheria ya wakati ule haikudai nusu ya kura. Ilimtaka mshindi awaongoze wenzake, na apate angalau asilimia 25 katika mikoa mitano kati ya minane. Zoezi letu lilikuwa kuuliza: kura hizohizo, chini ya sheria nyingine, zingetoa nini? Kama sheria ingedai zaidi ya nusu, kungekuwa na duru ya pili, na hapo hakuna ajuaye. Katiba ya 2010 ndiyo iliyoleta sharti hilo: zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, pamoja na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti.

Zoezi hilo nililifanya kwa PHP. Niliandika amri ya kutafuta mshindi, nikagundua kwamba haiwezi kukamilika kwa kupewa kura peke yake. Ni lazima uipe na sheria. Usiku huo ndipo nilipoacha kuiona siasa kuwa ni kelele.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Mwaka 2007, tukiwa mwaka wa tatu, chama cha wanafunzi wa idara yetu kilifanya uchaguzi. Mwenzangu wa chumba alikuwa akigombea uenyekiti. Tulimwita Mheshimiwa tangu mwaka wa kwanza kwa sababu ya koti lake na namna alivyosafisha koo kabla ya kuomba chumvi. Alikopa shilingi 3,000 kwa dada yake za kuchapishia mabango. Wagombea walikuwa watatu. Mimi, kama mtu wa kompyuta, niliombwa nitayarishe jedwali la kuhesabia. Niliazima kompyuta ndogo, nikafungua Excel, nikaandika fomula zangu kwa nusu saa. Hakuna aliyeniuliza zinafanya nini.

Katiba ya chama ilisema mwenyekiti ni yule atakayepata zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa. Karatasi zilizokutwa sandukuni zilikuwa 412. Kati ya hizo, 11 zilikuwa zimeharibika: wengine waliweka alama mbili, mmoja alichora samaki. Zilizobaki halali ni 401. Mheshimiwa alipata 204, wa pili 131, wa tatu 66. Jedwali langu likatoa asilimia 49.5. Nikaisoma kwa sauti. Hakuna aliyepata nusu, duru ya pili ifanyike baada ya wiki moja.

Usiku huo, nikiwa kitandani, nikaona nilichofanya. Niligawanya kwa 412, kwa sababu ndiyo namba ya kwanza niliyoletewa mezani. Kama ningegawanya kwa kura halali, 401, Mheshimiwa alikuwa na asilimia 50.9 na uchaguzi umekwisha. Kura iliyochorwa samaki imepigwa, au haikupigwa? Katiba yetu haikusema. Mimi ndiye niliyeamua, bila kujua kwamba naamua.

Yeye alikuwa amelala kitanda cha juu, akikoroma kwa matumaini.

Kwa nini sikuamka nikasema? Nilijiambia kwamba watu watadai nambeba mwenzangu wa chumba. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini kulikuwa na sababu nyingine: niliona aibu ya fundi. Nilikuwa nimesifiwa na ukumbi mzima kwa namna jedwali langu lilivyojumlisha haraka, na sikutaka kusimama niseme kwamba kuna swali sikulifikiria. Nikanyamaza. Nikajipa moyo kwamba atashinda tu duru ya pili.

Alishindwa kwa kura 9. Waliojitokeza walikuwa wachache zaidi, na wafuasi wa mgombea wa tatu walihamia upande wa pili karibu wote. Mheshimiwa alimpa mwenzake mkono, akarudi chumbani, akalitundika koti, akaanza kuandika insha iliyokuwa imechelewa. Hakugombea tena kitu chochote pale chuoni.

Mwaka huohuo, tarehe 27 Desemba, nchi nzima ilipiga kura. Tarehe 30 matokeo yakatangazwa, na mnajua kilichofuata. Watu zaidi ya 1,100 walikufa, na mamia ya maelfu wakahama makwao. Nilikuwa Voi, nikitazama televisheni dukani kwa Baba. Chuo chetu kilichelewa kufunguliwa, na tuliporudi kulikuwa na viti vya watu ambao familia zao zilikuwa kambini. Januari 2008 wanablogu na watengenezaji wa programu, miongoni mwao Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, waliunda Ushahidi, tovuti ya ramani ambapo mtu aliweza kuripoti ghasia kwa mtandao na baadaye kwa ujumbe wa simu. Nilipoiona niliambiwa kwa mara ya kwanza, bila maneno, kwamba masomo yangu ya mchana na ya usiku ni kitu kimoja.

Septemba mwaka huo tume iliyoongozwa na jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ilitoa ripoti yake kuhusu uchaguzi wa 2007. Niliisoma nikiwa nimemaliza chuo na bado natafuta kazi. Ilieleza kwamba dosari katika kujumlisha na kupeleka matokeo zilikuwa nyingi kiasi kwamba haikuwezekana kujua nani alishinda. Nilisoma sehemu ya ujumlishaji kama mtu anayesoma habari za ajali baada ya yeye mwenyewe kugonga baiskeli ya mtu na kuondoka.

Miaka ikapita. Nikapata kazi katika kampuni ndogo ya programu, nikaficha shahada, nikajifunza kwa taabu yale ambayo wenzangu walifundishwa darasani. Ikaja Machi 2013, uchaguzi wa kwanza wa urais chini ya Katiba mpya. Huenda mnakumbuka skrini ya matokeo siku zile. Kura zilizokataliwa zilikuwa zikipanda ajabu, zikapita 300,000. Baadaye tume ya uchaguzi ikaeleza kwamba hitilafu ya programu ilikuwa ikizizidisha mara 8. Hesabu ya mwisho ilizionyesha kuwa 108,975.

Hata baada ya mdudu huyo kuondolewa, swali la zamani lilibaki. Uhuru Kenyatta alikuwa na kura 6,173,433. Ukigawanya kwa kura zote pamoja na zilizokataliwa, yaani 12,330,028, unapata asilimia 50.07, kura elfu nane na kidogo tu juu ya nusu. Ukiziondoa zilizokataliwa unapata 50.51. Tume ilitumia hesabu ya kwanza. Mahakama ya Juu, katika uamuzi wake wa mwaka huo, ikasema hesabu sahihi ni ya pili: kura iliyokataliwa haiingii katika kupata asilimia. Mshindi alibaki yuleyule. Lakini mimi nilikaa ofisini nikitazama maneno matatu ya Katiba, "kura zote zilizopigwa", na nikamwona samaki wangu.

Nikampigia Mheshimiwa. Wakati huo alikuwa akifanya kazi katika serikali ya kaunti yao. Baada ya salamu nikamwuliza, "Umesikia habari za kura zilizokataliwa?"

"Nimesikia."

"Lile jedwali la 2007," nikasema, "fomula ilikuwa yangu."

"Najua, ndugu yangu. Takwimu zilibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Niligawanya kwa kikokotoo cha simu siku ya pili yake."

Nikashindwa pa kutazama, ingawa nilikuwa peke yangu. "Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Katiba yetu ilikuwa kimya. Mgombea akileta maana inayompa ushindi, nani atamsikiliza? Nilikuwa nangoja aseme mtu ambaye hakugombea."

Hakuwa na hasira. Aliniuliza habari za wazazi, tukaagana vizuri, na hadi leo tunazungumza. Lakini sentensi ile haijanitoka.

Nimeifikiria sana, na hapa ndipo shahada ile inaponisaidia kuliko msimbo wowote. Kosa langu halikuwa kugawanya kwa 412. Ukisimama mbele ya watu wenye akili unaweza kuitetea namba hiyo, na tume ya taifa zima iliitumia baadaye. Unaweza kuitetea 401 pia. Kosa lilikuwa kwamba swali la watu 412 nililijibu mimi peke yangu, ndani ya kijisanduku cha Excel, kisha nikaliita hesabu. Na nilipogundua, nikafunga mdomo.

Baba hakuwahi kusoma siasa, lakini alikuwa na desturi moja. Hakufungua redio ya mtu mwenyewe akiwa hayupo. Alikuwa akisema, "Ngoja mwenyewe aje," hata kama kazi ilikuwa ya dakika tano. Alifungua mbele yake, akamwonyesha kilichoungua, akakitoa, akamkabidhi mkononi kile kilichoharibika pamoja na redio iliyopona. Miaka yote niliyomshikia tochi nilidhani anapoteza muda.

Baada ya 2013 nimeuona ukweli huo mara mbili zaidi. Mwaka 2017 wananchi walipiga kelele "fungua seva". Mahakama ya Juu iliamuru mitambo ya tume ikaguliwe, amri haikutekelezwa ipasavyo, na hilo lilikuwa sehemu ya sababu za kuubatilisha uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba. Mwaka 2022 tume iliweka fomu za matokeo kutoka vituo vya kupigia kura, vituo 46,229, kwenye tovuti ambayo mtu yeyote aliweza kuifungua. Nilipakua fomu za kijijini kwetu nikajumlisha mwenyewe, na maelfu ya Wakenya walifanya vivyo hivyo. Ugomvi haukuisha: makamishna wanne kati ya saba walijitenga na matokeo, kesi ikaenda mahakamani, na mahakama ikayathibitisha. Lakini tuligombana tukiwa na karatasi zilezile mbele yetu. Kwangu mimi hayo ni maendeleo kuliko kompyuta yoyote mpya.

Siku hizi natunga programu za vyama vya akiba na mikopo, na baadhi zina sehemu ya kupigia kura. Kabla ya kuandika mstari mmoja nawaletea viongozi karatasi ya maswali. Kura zikifungana inakuwaje? Iliyoharibika inaingia wapi? Mwanachama mwenye deni lililochelewa anapiga kura au hapigi? Nani ataona orodha, na mwenye malalamiko ana siku ngapi? Wengine hukasirika. "Sisi tulitaka programu, si mkutano," aliniambia mwenyekiti mmoja. Swali la wenye deni liliwachukua vikao viwili na likazua maneno makali. Ningeweza kuliamua kwa neno moja katika msimbo, usiku, nikiwa nakunywa chai, na wanachama wakanyimwa kura bila hata kujua nani kawanyima. Mradi ule ulichelewa wiki tatu, na nilikatwa malipo kwa sababu hiyo. Majibu yao yalichapwa kwa Kiswahili cha kawaida, yakabandikwa mlangoni kabla ya siku ya kura.

Kwa hiyo, kijana wangu uliyeniandikia, jibu langu ni hili.

Sitakudanganya kwamba hutapoteza kitu. Utapoteza. Mambo ya algorithimu na mifumo endeshi niliyasoma peke yangu nikiwa nakaribia miaka 30, na nimewahi kurudishwa mlangoni kwa sababu ya jina la shahada. Ukipata njia ya kubadilisha kozi na moyo wako uko huko, badilisha, usiwe shujaa bure. Lakini ukibaki, usifanye nilivyofanya mimi mwaka wa kwanza, kukaa darasani kama abiria. Chukua somo la takwimu hata kama wenzako wanalikimbia. Chukua mbinu za utafiti. Soma mifumo ya uchaguzi. Msome Elinor Ostrom, mwanasayansi wa siasa aliyekuwa mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, mwaka 2009. Alichunguza jinsi watu wa kawaida wanavyotunza maji, misitu na samaki wa pamoja kwa kanuni walizojiwekea na kuzisimamia wenyewe. Kisha utazame jinsi programu huria zinavyotunzwa, utaona unasoma habari za jirani.

Na uendelee kuandika msimbo usiku. Siku moja utaombwa utayarishe jedwali dogo, la bure, la haraka, kwa sababu wewe ndiye mtu wa kompyuta. Hapo ndipo utakapokuwa na mamlaka makubwa kuliko yule anayegombea. Kabla hujagawanya, simama uulize kwa sauti kura ni ipi. Na ukikosea, sema usiku uleule.

Haya, nimesema. Mheshimiwa ameisoma makala hii kabla yenu, na amenitaka niongeze kwamba alilipa zile shilingi 3,000 za dada yake. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata. Kazi njema, na tuonane.